Hakuna Kitu

Ilikuwa Jumanne, ngazi ya kumi na nne kutoka chini,
ndoo kichwani, khanga kiunoni,
nikautanguliza mguu wa kulia
ukakataa.

Sikukwaa. Sikuteguka. Sikukanyaga mwiba
wala chupa. Jiwe lilikuwa lile lile
la Igogo, ninalolipanda tangu nilipoolewa.
Maumivu yaliingia bila hodi,
kama mpangaji mwenye funguo zake.

Bugando walinipiga picha.
Daktari kijana akaiinua kwenye mwanga,
akaikagua kama noti anayoishuku.
"Mfupa mzima, mama. Damu safi. Sukari haipo.
Hakuna kitu."
Nikalipa, nikarudi na Hakuna Kitu wangu,
kila hatua akinitafuna kisigino.

Jirani yangu Nyanjige hakuridhika.
"Wamechota mchanga wa unyayo wako," alininong'oneza.
Nikacheka hadi nikashika ukuta:
huku juu, Nyanjige, sote tunakanyaga mawe.
Huyo mchawi atachota nini?
Aje na nyundo na tindo?
Akacheka naye. Lakini jioni nilimwona
akifagia mlangoni kwake mara mbili.

Mimi ni fundi. Unga wangu uko mguuni.
Cherehani changu hakijui umeme,
kinajua kisigino na vidole, kisigino na vidole,
na sasa ni Januari, sare zimerundikana:
sketi za bluu ishirini na sita
za Mwalimu Ghati, aliyelipa nusu
na anayepiga simu kama aliyelipa zote.

Basi nikaufundisha mguu wa kushoto.
Mguu mjinga. Miaka arobaini na saba
ulikuwa ukifuata tu.
Ulikanyaga kama mlevi anayetafuta mlango,
uzi ukakatika, sindano mbili zikavunjika,
mshono ukaenda ukichechemea
kama mwenyewe.

Jioni Masalu, mwanangu, huniletea barafu
kutoka mwaloni Kirumba anakopakia samaki.
Naimwaga kwenye beseni, natumbukiza mguu,
magamba ya sangara yananing'ang'ania vidoleni.
Paka wa mtaa mzima wanakuja kunijulia hali.
Kwa nusu saa hiyo mguu si wangu,
ni samaki tu anayengoja mnunuzi.
Naipenda nusu saa hiyo.

Usiku ni habari nyingine. Usiku Hakuna Kitu anaamka,
ananiuliza kama karani wa mahakama:
ulimkanyaga nani? Ulialikwa wapi ukakataa kwenda?
Namwambia lala.
Halali.

Na kuna jambo sijalizoea.
Wageni sasa nawasindikiza kwa macho.
Wifi alikuja kutoka Magu, akaaga,
nikabaki mlangoni kama mtu mwenye kiburi
nikimtazama akishuka ngazi tisini na mbili
peke yake, na kapu lake.
Hakugeuka.

Nikipanda napumzika mara nne.
Kituo cha pili kuna pimbi mnene
anayeota jua, ananitazama
bila pole, bila haraka ya kuondoka.
Miaka yote hii nilikuwa nampita mbio.
Chini yetu ziwa limetulia, kivuko kinarudi kutoka Kamanga
polepole, kana kwamba nacho
kinaumwa mahali kisipopasema.

Leo asubuhi nilifika ngazi ya thelathini
ndipo nikakumbuka kwamba sijaumia.
Sikushangilia. Nilisimama,
nikamngoja, kama unavyomngoja mdeni
au anayekudai.

Watoto wakanipita wakienda shule,
mguu niponye, kengele imeshalia,
sketi mpya za bluu zikipepea juu ya mawe,
na kwenye pindo la kila moja
uzi wangu ukichechemea,
wala hawajui,
wanaruka ngazi mbili mbili.